Karatasi ya Alhamisi

Ndugu msikilizaji, mwaka 1997 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, gari la matangazo lilipita mtaani kwetu asubuhi na jioni. Kipaza sauti kilituhimiza tuchemshe maji, tunawe mikono, tuchimbe vyoo, na tumtaarifu bwana afya mara tuonapo mgonjwa wa kuhara na kutapika. Tulisikia wote. Lakini usiku mmoja nikiwa nje, nilimwona mama mmoja jirani yetu akitoka kwake na mtoto mgongoni, amemfunika gubigubi, akielekea barabarani. Mama huyo alikuwa akiuza chakula cha mchana kwa mafundi. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mtoto anaharisha tangu jana, nampeleka kwa dada yangu. Nikisema hapa, watanifungia biashara. Kesho hawa wengine watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimsihi ampitishe mtoto zahanati, akaitikia, akaenda zake. Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini siku chache baadaye tukasikia kwamba nyumba ya dada yake imepata wagonjwa wawili. Na katika hesabu ya mtaa wetu, juma lile hapakuandikwa mgonjwa hata mmoja. Tulikuwa safi kabisa, kwenye karatasi.

Nimemkumbuka mama yule majuzi nikisoma habari za tauni iliyolipiga jiji la London mwaka 1665. Najua utaniuliza, London ya wakati huo na sisi wapi na wapi? Nivumilie kidogo, maana ninachotaka kukueleza ni kisa cha serikali ya jiji iliyokuwa ikiwapa wakazi wake taarifa kila juma katikati ya balaa kubwa, na jinsi serikali hiyo hiyo ilivyoiharibu taarifa yake kwa mkono wake mwenyewe.

London wakati ule inakadiriwa ilikuwa na watu wapatao laki nne na nusu. Jiji na vitongoji vyake lilikuwa na parokia 130, na kila parokia ilikuwa na karani wake. Makarani hao walikuwa na chama chao, na kazi yao mojawapo ilikuwa kutoa karatasi ya hesabu ya vifo. Karatasi hiyo ilikuwa imeanza tangu tauni za karne ya 16, na kuanzia mwaka 1603 ikatolewa mfululizo kila juma, kuwe na tauni kusiwe na tauni.

Sikiliza jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Mtu akifa, kengele ya kanisa hupigwa, au mchimba kaburi huitwa. Hapo wanawake wawili wazee walioapishwa kwa kazi hiyo huenda kumtazama maiti, waulize alikuwa anaumwa nini, kisha wampelekee karani habari. Jumanne usiku makarani wote hupeleka hesabu zao kwenye ofisi ya chama. Jumatano hesabu hujumlishwa na kupigwa chapa. Alhamisi karatasi iko mitaani. Anayetaka kuletewa nyumbani hulipa shilingi nne kwa mwaka. Asiye na shilingi nne hununua moja moja kwa peni.

Ukiichukua karatasi hiyo, upande mmoja unakuta orodha ya parokia, moja baada ya nyingine: hapa wamezikwa wangapi, na kati yao wa tauni wangapi. Upande wa pili unakuta maradhi yote ya juma lile, homa, kifua, kuhara, wanawake waliokufa kwa uzazi, watoto waliokufa wakiota meno. Kisha kuna hesabu ya parokia zilizoambukizwa na zile ambazo bado ni safi. Na chini kabisa, kwa amri ya Meya na baraza lake, umeandikwa uzito wa mkate: juma hili mkate wa ngano wa peni moja sharti uwe na wakia tisa na nusu.

Msikilizaji wangu, mimi mstari huo wa mkate umenigusa kuliko mingine. Maana yake ni kwamba mtu aliyeshika karatasi ya vifo alikuwa ameshika pia karatasi ya maisha. Baraza lilimwambia mkazi: kifo kimefika parokia fulani, na mwoka mikate asikupunje. Hiyo ndiyo kazi ya serikali ya mtaa tangu zamani. Serikali kuu hutangaza jumla ya nchi nzima. Mkazi anachotaka kujua ni uchochoro wake, kisima chake, soko lake na mkate wake.

Basi ikaja tauni ya mwaka 1665. Ilianza polepole nje ya kuta za jiji, katika parokia maskini ya St Giles. Mwishoni mwa Juni karatasi ilionyesha maziko 267 ya tauni kwa juma moja. Katikati ya Julai yakawa 1,089. Katika juma lililoishia Agosti 22 yakawa 4,237. Juma lililofuata, 6,102. Mfalme Charles wa Pili alikuwa ameshaondoka na watumishi wake, akaenda Hampton Court, kisha Salisbury, kisha Oxford, na Bunge nalo likakutana huko huko Oxford mwezi Oktoba. Matajiri walijaza magari yao ya farasi wakaenda mashambani. Meya wa jiji, Sir John Lawrence, alibaki. Na Alhamisi ikifika, karatasi inatoka.

Tazama jambo moja lililotokea Septemba. Katika juma lililoishia Septemba 12, idadi ya waliokufa kwa tauni ilishuka kidogo, ikafika 6,544. Watu wakapata matumaini, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ukiwa wewe ni mkuu wa jiji, ungependa wabaki na matumaini hayo. Lakini juma lililofuata karatasi ikatoka na 7,165, idadi kubwa kuliko zote za mwaka ule. Hakuna aliyeichelewesha na hakuna aliyesema tusubiri kwanza tusitie watu hofu. Ilitoka siku yake, kwa peni ile ile. Na juma lililofuata iliposhuka hadi 5,533, kisha ikaendelea kushuka, watu waliiamini kwa sababu hiyo hiyo: ilikuwa imewaambia mabaya ilipokuwa mabaya.

Hapo nawapa heshima yao wale makarani. Lakini sasa tuje kwenye upande mwingine, maana hadithi haikuishia kwenye sifa.

Alikuwapo mtumishi wa serikali aitwaye Samuel Pepys, ofisa wa Jeshi la Majini, aliyekuwa akiandika shajara yake ya siri kila siku. Mwishoni mwa Agosti 1665 alikutana njiani na karani wa parokia yake, akamuuliza tauni inakwendaje. Karani akamjibu kwamba inazidi, na kwamba juma lile katika parokia yao walikufa watu tisa, ingawa yeye alipeleka hesabu ya sita. Pepys alishtuka, akaandika kwamba huo ni mwenendo mbaya na kwamba huenda na kwingine wanafanya vivyo hivyo. Kesho yake, karatasi iliposema 6,102, yeye akaandika kwamba inadhaniwa hesabu ya kweli inakaribia elfu kumi, kwa sababu maskini wamekuwa wengi mno hata hawahesabiki, na kwa sababu wapo watu wa madhehebu mengine wasiotaka kengele ya kanisa ipigwe kwa ajili ya wafu wao.

Tisa wakaandikwa sita. Kwa nini? Je, karani yule alikuwa mwongo kwa tabia? Sidhani. Tuiangalie sheria ya jiji ilisema nini.

Amri za Meya zilisema kwamba nyumba ikipata mgonjwa wa tauni, ifungwe, pamoja na wote waliomo, wazima kwa wagonjwa. Mlangoni huchorwa msalaba mwekundu wa urefu wa futi moja, na juu yake huandikwa maneno ya kumwomba Mungu awahurumie. Walinzi huwekwa, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, mtu asitoke. Kifungo hicho huendelea kwa majuma kadhaa, kwa kawaida hata siku 40, na mwingine akiugua ndani siku huanza kuhesabiwa upya. Baba asiyeugua hatoki kwenda kazini. Mtoto mzima hulala chumba kimoja na anayekufa. Chakula hupitishwa na mlinzi, kwa fedha ya mwenye nyumba kama anayo, au kwa fedha ya parokia kama hana, na parokia nayo ilikuwa imeelemewa.

Sasa jiweke katika nafasi ya baba wa nyumba ile. Mwanao amekufa asubuhi. Wale wanawake wawili wazee wanabisha hodi. Wakiandika tauni, wewe, mkeo na wanao wanne mnafungiwa ndani pamoja na kifo. Wakiandika homa, mnazika, mnanyamaza, mnaendelea kutafuta riziki. Utawapa nini waandike homa? Chochote ulicho nacho. Na wao ni maskini wenzako, wanalipwa senti chache kwa kila maiti. Ndiyo sababu katika karatasi za mwaka ule utaona kwamba si tauni peke yake iliyopanda. Homa nayo ilipanda. Kifua kikapanda. Hata meno ya watoto yakapanda! Je, mwaka ule meno yalikuwa na ukali wa pekee?

Mwishoni mwa Aprili, tauni ikiwa ndiyo kwanza inaanza, watu wa St Giles walikuwa wameshasema kwa vitendo wanachokifikiria kuhusu amri ile. Walikwenda kwenye nyumba moja iliyofungwa, wakang'oa msalaba na karatasi iliyobandikwa, wakafungua mlango kwa nguvu, wakawatoa waliokuwamo wakachanganyika na watu barabarani. Serikali ikaamuru wahusika watafutwe na kuadhibiwa. Nadhani ingekuwa vema pia wakubwa wangejiuliza swali moja: kama watu wako tayari kuvunja mlango, je, watashindwa kumdanganya karani?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Jiji la London lilitaka ukweli kutoka kila nyumba, na papo hapo likaiadhibu kila nyumba iliyosema ukweli. Haiwezekani kuvuna yote mawili. Takwimu hazitoki mbinguni wala hazitoki ofisini. Zinatoka mlangoni pa mtu, na mtu huyo akiona kwamba kusema ni kuangamia, atanyamaza. Wahenga walituambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini wahenga hawakusema tumlaumu mficha maradhi peke yake. Aliyemfanya afiche naye ana sehemu yake.

Utaniuliza, basi kama karatasi ilikuwa na uongo, ilikuwa na faida gani? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niamue kuzungumza juu yake.

Alikuwapo London mfanyabiashara mmoja aitwaye John Graunt. Hakuwa daktari wala msomi wa chuo. Aliuza nguo na vifungo na vitu vidogo vidogo vya ushonaji. Mtu huyo alikusanya karatasi za Alhamisi za miaka mingi, akakaa nazo, na mwaka 1662, miaka mitatu kabla ya tauni hii, akatoa kitabu. Katika kitabu hicho aliwasema wazi wale wanawake wakaguzi, kwamba glasi ya pombe na ada maradufu huweza kuwafanya waandike ugonjwa mwingine. Kisha akaonyesha jinsi ya kuukamata uongo. Aliichukua tauni ya mwaka 1625 akaona kwamba mwaka ule hata vifo visivyo vya tauni viliongezeka kupita kiasi. Akasema, hao wa ziada si bure, wengi wao ni wa tauni walioandikwa jina jingine. Akakadiria kwamba waliokufa kwa tauni walizidi walioandikwa kwa kiasi cha robo nzima.

Chukua karatasi ya juma lile la Agosti 22, 1665, ufanye hesabu hiyo mwenyewe. Jumla ya maziko ni 5,568. Ya tauni ni 4,237. Yaliyobaki ni 1,331. Lakini miaka ya kawaida London nzima ilizika watu kati ya mia tatu na mia nne hivi kwa juma, kwa maradhi yote. Hao wengine karibu elfu moja wametoka wapi? Huhitaji shahada kujibu. Kwa mwaka mzima karatasi zilihesabu watu 68,596 wa tauni katika maziko 97,306, na wanahistoria wa leo wanaona kwamba waliokufa kwa tauni hasa walikaribia laki moja. Wamejuaje? Wamejua kwa karatasi hizo hizo.

Hiyo ndiyo faida. Taarifa yenye kasoro, ikitolewa kila juma kwa utaratibu ule ule, parokia kwa parokia, inaweza kusahihishwa na muuza vifungo. Taarifa isiyotolewa haisahihishwi na mtu yeyote. Uongo ulioandikwa una mkia wa kuushika. Ukimya hauna.

Sasa turudi nyumbani. Korona ilitangazwa kuingia Kenya Machi 13, 2020, na Tanzania Machi 16. Wenzetu wa Kenya walikuwa wakisomewa hesabu kila siku, kaunti kwa kaunti. Lakini huko nako, mwanzoni waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama wenyewe, hadi Serikali ilipotangaza mwezi Mei kwamba itawalipia walio katika vituo vyake. Katika majuma yale ya malipo, nani angejitokeza kwa hiari kusema amekutana na mgonjwa? Ilikuwa ni ule msalaba mwekundu wa London, ila sasa umeandikwa kwenye ankara.

Kwetu Tanzania, hesabu zilikoma mapema mwezi Mei 2020, zikarudi katikati ya mwaka 2021. Sina nia ya kufufua ugomvi wa wakati ule. Nasema tu nilichokiona kama mkazi wa mjini. Hesabu ilipokoma, kuhesabu hakukukoma. Tulihesabu kwa misiba. Tulihesabu kwa maturubai, kwa michango ya rambirambi iliyopita kwenye simu, kwa magari yanayoelekea makaburini. Kila mtu akawa karani wa parokia yake, na kila mtu akawa na jumla yake. Mwenye hofu alihesabu elfu, asiye na hofu alihesabu sifuri, na hapakuwa na karatasi ya kuwapatanisha.

Jambo la mwisho, nalo pia tunalipata kwa Graunt. Alisema kwamba wakati wa tauni matajiri waliitazama karatasi ili wajue kama wakati wa kuhama umefika, na wafanyabiashara waliitazama ili wakisie biashara itakuwaje. Je, aliyekuwa hana farasi wala shamba, aliitazama ili afanye nini? Alijua kifo kiko parokia ya jirani, akakaa akikisubiri. Kwa hiyo, taarifa peke yake haitoshi. Ukimwambia mtu kwamba kisima cha mtaa wake kina kipindupindu, mwambie katika pumzi hiyo hiyo maji safi yatakuja na gari gani, saa ngapi, na atalipa au halipi. Ukimwambia mama aache kuuza chakula kwa majuma mawili, mwambie majuma hayo mawili wanawe watakula nini. Usipomwambia hilo la pili, la kwanza atalificha, na wewe utabandika ubaoni hesabu safi ya mtaa mchafu.

Mtaani kwetu ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wa matangazo. Nimeupitia juzi. Kuna tangazo la mkutano uliokwisha kufanyika, na tangazo la mtu anayeuza kiwanja. Ninaomba, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi, maana utabisha, ubao ule upewe kazi. Kila juma, siku moja ile ile, uandikwe wagonjwa wa kuhara wangapi, wa malaria wangapi, maji yamepimwa yakaonekanaje, hata kama hesabu ni sifuri. Watu wazoee kuusoma siku za amani, ili siku ya balaa wauamini. Na chini kabisa, kwenye nafasi ile ambayo wazee wa London waliandika uzito wa mkate, iandikwe halmashauri itamsaidia vipi atakayesema kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa.

Yule mama jirani yetu bado yupo, sasa ni bibi wa wajukuu, na yule mtoto wa mgongoni ni dereva. Siku moja nilimkumbusha habari za usiku ule. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Shemeji, ningesema. Ila hakuna aliyeniambia kwamba nikisema nitasaidiwa."

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa, tukutane juma lijalo.